Glasi ya Tatu ya Mhandisi

Rahuma hakuwa na meno ya nyuma. Hakuwa na kisima kisicho na chumvi, wala friji iliyowahi kuvuka mwezi wa Agosti bila kuozesha nyama, maana umeme ulikatika kila joto lilipokaza. Hakuwa na mtoto aliyebaki kumsaidia kutunza miti yake ya tini hapa kwetu pwani, magharibi ya Iskandaria. Zaidi ya yote, hakuwa na jibu la swali moja, na bila jibu hilo alikataa kutia saini.

Saini ilimhusu mjukuu wake, Nuara. Kituo cha umeme wa nyuklia kinachojengwa ng'ambo ya mashamba kilikuwa kimemchagua kwa mafunzo ya ufundi, na barua ya ridhaa ya mlezi ilitakiwa kufika kabla ya Alhamisi.

"Nitamuuliza mhandisi mwenyewe," alisema Rahuma.

Jumatatu mhandisi Wagdi, mtu wa Kairo, akaja kula kondoo na wali. Kwetu mgeni haulizwi jambo mpaka amalize glasi ya tatu ya chai, ile ya nanaa. Glasi ya kwanza, kali kama dawa, ilimkunja uso. Ya pili ilimtoa jasho. Kisha akatazama saa, akainuka.

"Mungu awazidishie, mzee wangu. Basi la wafanyakazi litaniacha!"

Akaenda zake. Rahuma akabaki na birika mkononi.

"Si ungemuuliza tu!" mkewe Mastura alimaka. "Mwanamume mzima unashindwa na glasi!"

"Nimuulize mgeni kwenye glasi ya pili? Unataka ukoo mzima unicheke?"

"Utachekwa na hiyo nyama inayonuka frijini."

Nuara akavuta mkeka karibu. "Babu, niulize mimi. Mimi si mgeni."

Rahuma akaweka birika chini. "Haya. Moto wao ukizimika, majivu yanakwenda wapi? Mitini yangu iko jirani yao."

"Si majivu, babu. Ni vyuma vilivyotumika, vina sumu isiyoonekana. Vinapozwa majini miaka kadhaa, halafu vinafungwa ndani ya mapipa mazito ya chuma na zege. Kisha vinalindwa."

"Mpaka lini?"

"Muda mrefu kuliko sisi sote. Sikufichi."

"Na bado unataka kwenda huko! Jua si tunalo bure?"

"Mchana tunalo. Usiku Kairo nzima imewasha viyoyozi, watu wanazidi, na maji ya bahari yanataka umeme ili yatolewe chumvi. Tutahitaji jua, tutahitaji upepo, na tutahitaji hiki kituo kisicholala."

"Na mapipa atayalinda nani?"

"Nisipokwenda mimi? Watu wanaokimbilia basi."

Mastura alicheka mpaka akashika mbavu. Rahuma hakucheka. Aliangalia mitini yake, mmoja mmoja, kama anayeihesabu. Kisha akamimina ile glasi ya tatu iliyomkosa mhandisi, akamkabidhi mjukuu wake.

"Kunywa upesi. Isije ikasemwa nilikuhoji kabla ya wakati."

Nuara akanywa hadi majani ya nanaa yakamgusa pua.

Rahuma akaagiza karatasi. Kusoma na kuandika alijifunza akiwa na miaka arobaini, katika darasa la jioni, na tangu hapo hakumwomba mtu amwandikie barua. Aliandika polepole, kwa herufi zilizonyooka:

"Mimi Rahuma nimeridhia Nuara ajifunze. Asifundishwe kuwasha tu, afundishwe na kulinda kinachobaki. Tena, mhandisi Wagdi ana glasi yake moja hapa kwangu. Aje aimalize, na saa yake aiache kazini."

Gundi haikuwepo nyumbani. Akatoka uani, akavunja jani la mtini, akapaka utomvu wake mweupe ukingoni mwa bahasha. Akaukandamiza kwa kidole gumba, kile alichokuwa akikichovya kwenye wino zamani kabla hajajua kuandika jina lake. Ulipokauka akampa Mastura bahasha, naye akajifunga mtandio, akaipeleka posta kabla ya saa ya kufunga.