Vidonge Ndani ya Chupa ya Vitamini

Kuficha tunakujua sana sisi wanawake wa Muzaffarpur, India. Siku mbili kabla ya harusi ya mdogo wangu Ragini, Mama alibandua vidonge vya akili vya Ragini kutoka kwenye pakiti kimoja kimoja, akavijaza kwenye chupa ya vitamini. Ragini alikuwa akisikia sauti za watu wasiokuwepo, na kwa vidonge vile alikuwa ametimiza miaka mitatu ya utulivu. Ukweni hakuna aliyeambiwa. Kila mwezi nilimpelekea vingine mimi, nikijiona mjanja.

Mvua zilipoingia, choa kikaivamia nyumba ile. Nguo hazikauki, jasho halikatiki, watu wakajikuna mpaka aibu ikawatoka. Mama mkwe wake, Bi Kaushalya, akaenda duka la dawa la mtaani, akarudi na vidonge vya fangasi vya nyumba nzima. Hakuulizwa cheti cha daktari, wala nani anatumia dawa gani nyingine. Kila asubuhi alimsimamia kila mmoja mpaka ameze, Ragini akiwemo.

Siku ya sita Ragini akaanguka jikoni, mikono imejaa unga wa chapati.

Hospitalini, tulikoitwa mimi na Mama, daktari alisoma karatasi ya mashine ya moyo, akakunja uso. Akauliza, mbali na vidonge vya fangasi, mgonjwa anatumia dawa gani nyingine. Bi Kaushalya akajibu kuwa ni vitamini tu. Mama akanifinya mkono, nami nikanyamaza. Mungu anisamehe, nilinyamaza ili ndoa isivunjike.

Hazikupita dakika ishirini, macho ya Ragini yakageuka na mashine ikaanza kulia.

"Daktari, si vitamini," nikasema. "Ni dawa ya akili."

"Dada, si niliwauliza?"

Walimkandamiza kifua kwa zaidi ya nusu saa. Kisha wakaacha.

Daktari alitueleza taratibu, bila hasira, na hilo liliniuma zaidi. Dawa ya fangasi huzuia ini kuiondoa ile ya akili. Ikajazana kwenye damu siku hadi siku, mpaka moyo ukapotea njia.

Nilisubiri Bi Kaushalya atutukane. Hakututukana. Alikaa sakafuni kando ya Mama, akalia kwa muda mrefu.

"Ungeniambia, mwenzangu," alisema. "Ningemnunulia ya kupaka."