Marashi ya Kuficha Samaki

Kila alfajiri, kabla ya kushika njia ya Kawangware, Seline alimsaidia mamake kukaanga mgongo wazi mlangoni pao Soweto West. Ndiyo ile mifupa ya samaki inayobaki baada ya minofu kwenda kwa wenye nacho. Moshi wa mafuta ulimwingia hadi kwenye nywele. Alioga, akajisugua, kisha akajimwagia marashi ya kupima, yale ya bei rahisi ya kumiminiwa dukani, kuanzia shingoni hadi viatuni. Afadhali afe kuliko wenzake kazini wajue.

Kazini penyewe palikuwa chumba kimoja Kabiro, humo humo Kawangware, cherehani sita na dirisha lisilofunguka, mafundi wakishona sare za shule. Jirani yake wa cherehani alikuwa Wakarima, binti wa mwenye ploti, yaani jengo lile lenyewe. Wakarima alianza kwa upole, akamwomba apunguze marashi kwa sababu yanambana kifua. Seline akasikia jambo jingine kabisa: mtoto wa landilodi ameanza kumnusa. Kesho yake akajipulizia mara mbili.

Wiki nzima walinuniana. Seline alimwambia mbele ya watu kwamba kama pua yake ni ya kifahari, ashonee kwao. Wengine wakacheka, naye akajiona shujaa. Shujaa gani, jamani.

Ijumaa alijipulizia palepale kitini, makusudi. Wakarima alikohoa, akasimama, pumzi ikakataa kuingia. Mulwa, fundi mkuu, alimshika akamtoa nje, huku akipekua mkoba wa binti huyo kutafuta dawa yake ya pumu ya kuvuta. Seline alibaki na chupa mkononi, na watu wote waliitazama chupa, hawakumtazama yeye.

Wakarima alipotulia kidogo pale kwenye ngazi, Seline alimfuata, akachuchumaa mbele yake. Akaona bora aseme yote: mgongo wazi, moshi, nywele. Aliyasema akitazama viatu vyake.

Wakarima alimsikiliza, kifua bado kikipiga filimbi.

"Seline, hiyo ya samaki tulijua tangu wiki ya kwanza," alisema polepole. "Mulwa alituambia tusikuulize, utaskia vibaya. Na hainisumbui. Huwa inanifanya niskie njaa tu."

Miezi yote minane tangu aanze kazi pale, walikuwa wamemtunzia Seline siri yake kimya kimya, na yeye nusura amuue mmoja wao akiilinda.