Bampa ya Mkunga

Rangi ya bampa ilibanduka mikononi mwa mkunga kama ganda la kitunguu. Alishika ncha yake kwa vidole viwili, akavuta polepole, nayo ikamfuata: ukanda mrefu wa fedha, laini, unaong'aa. Chini yake plastiki ya kijivu ikabaki uchi mbele yetu.

"Nimeosha gari kwa maji na sponji tu," alisema. "Sasa hii ni rangi au ni plasta ya kidonda?"

Hakuna aliyecheka. Ilikuwa wiki ya mwisho ya miezi yangu mitatu ya majaribio katika gereji ile, na nyumbani mama alikwisha kuwatangazia majirani kwamba mwanawe ameajiriwa.

Bosi akaja akijifuta mikono. Aliikagua bampa, uso ukamlegea. "Mama, hii si orijino. Umeinunua mwenyewe dukani, ukatuletea tupake. Plastiki za namna hii hazishiki rangi. Hapo sisi hatumo."

Mkunga akashusha pumzi. Kulikuwa na wajawazito waliomsubiri, hakuwa na muda wa kubishana na wanaume juu ya plastiki. Niliona amekwisha kukubali.

Nami nilijua.

Wiki mbili kabla ya siku hiyo, bampa ileile ililazwa mbele yangu juu ya vigoda viwili, imepakwa weusi mwororo tangu kiwandani. Weusi ule unaweza kuwa praima ya kweli, rangi ya chini ya kushikisha ya juu, au unaweza kuwa pambo tu la kuvutia macho ya mnunuzi. Njia ya kujua ni moja: kitambaa cheupe, thina kidogo ya kuyeyushia rangi, unasugua pembeni pasipoonekana. Kitambaa kikitoka cheusi, unakwangua wote, unaosha plastiki hadi mafuta ya kiwandani yaishe, ndipo unapaka praima yako. Chuoni niliandika hayo kwenye mtihani, nikapata alama zote.

Asubuhi ile nilikuwa nimekwisha kulowesha kitambaa. Fundi wa injini akapita, akasimama. "Dada wa chuo, huyo mtoto ana mafua? Mbona unampangusa pua?" Wenzake wakaangua kicheko. Nikaona haya. Nikakikunja kitambaa, nikakitia mfukoni, nikashika msasa na kupitisha juu juu kama nilivyoona wao wakifanya wakiwa na haraka. Fundi wetu wa rangi, tuliyemwita Fundi Taratibu kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona akikimbia, hata mvua ikimkuta uwanjani, aliniuliza, "Tayari?" Nikaitikia kwa kichwa. Akapuliza rangi.

Sasa Fundi Taratibu aliuchukua ule ukanda kutoka kwa mkunga, akaugeuza. Upande wa ndani ulikuwa mweusi tititi: weusi wa kiwandani ulikuwa umebanduka pamoja na rangi yetu. Akanitazama mara moja tu, kisha akahamisha macho.

"Si ndivyo, fundi?" bosi alimuuliza. "Tatizo ni bampa."

Fundi Taratibu hakujibu. Aliendelea kuuinua ukanda kwenye mwanga, kana kwamba anasubiri kitu kikauke. Miaka imepita, na bado namshukuru kwa kimya kile. Neno moja lingeniumbua, jingine lingenificha. Aliniachia nafasi ya kumtosha mtu mmoja kupita.

"Si bampa," nilisema.

"Nini?" bosi akauliza. Hakuwa amenisikia.

"Si bampa, bosi. Ni mimi. Sikuipima kwa thina. Nilijua inapimwa, nikaona aibu."

"Aibu ya nini?" mkunga aliuliza, kwa mshangao wa kweli.

Fundi wa injini alianza kutafuta spana ambayo haikuwa imepotea.

"Na mimi nilimuuliza kwa mdomo, sikukagua kwa macho," Fundi Taratibu alisema. "Anayepuliza ndiye wa mwisho kuona. Kazi imeharibikia mikononi mwetu, bosi."

Bosi alinitazama, nami nikaanza kutunga nitakachomwambia mama. Kisha akamgeukia mteja. "Tuachie gari hadi Alhamisi, mama. Hulipi kitu." Na kwangu: "Utaikwangua wewe. Peke yako, mpaka mwisho."

Mkunga alinikabidhi funguo mimi, si bosi. "Kazini kwangu wananicheka kwa kuhesabu mikasi mara mbili baada ya kuzalisha," alisema. "Waache wacheke, mwanangu. Wewe hesabu."

Nilikwangua siku mbili, hadi ncha za vidole zikafa ganzi, nikaosha na kupaka praima, ndipo Fundi Taratibu akakagua kwa macho na kupuliza upya. Alhamisi mkunga alipitisha ukucha kwenye ukingo wa bampa, akarudia tena, akaingia garini na kwenda kazini kwake.

Jioni bosi alinikuta nanawa mikono.

"Ovaroli unavaa saizi gani?" aliuliza. "Hiyo ya kuazima inakupwaya."

"Ndogo," nilisema.

Akaiandika kiganjani kwa kalamu, akaenda zake.