Mpiga Ngoma wa Kakese

Mume wangu Luhende hakuwa mlevi. Nalisema hili mapema kwa sababu hapa Kakese watu wakisikia ini la mtu limeharibika, wanaanza kumhesabia chupa ambazo hata hawakumnunulia. Ilikuwa homa ya ini ya virusi, iliyokaa ndani yake miaka bila kupiga hodi. Kiangazi kile alitapika damu beseni zima. Tukamkimbiza Mpanda mjini, na kutoka hapo akapelekwa Mbeya.

Huko walimwingiza mpira wenye kamera kooni. Daktari alinieleza taratibu, kama anayemweleza dada yake: ini limejaa makovu, damu inakosa njia ya kupita, inarudi nyuma na kuvimbisha mishipa ya koo la chakula mpaka inapasuka. Waliifunga kwa vipira vidogo. Lakini iliyopasuka mara moja hupasuka tena, akasema, na safari hiyo wengi hawaponi. Kwa hiyo Luhende arudi kufungwa tena kabla ya Krismasi, na kila siku ameze propranolol, vidonge vinavyopunguza mbio za moyo ili damu isiisukume ile mishipa kwa nguvu. Akanishikisha mkono wa mume wangu na kunifundisha kusikiliza mshipa wa kifundoni. Ukienda polepole, ujue dawa inafanya kazi.

Basi kila asubuhi, kabla ya uji, nilimshika mkono. Mshipa ulikwenda polepole, nami nikaanza tena kupata usingizi.

Shida ilikuja na mvua. Sisi Wasukuma hatulimi kimyakimya. Kikundi chetu, kiongozi wake Malale, kinalima mashamba ya mpunga kwa zamu, leo kwangu kesho kwako, na majembe yote yanapanda na kushuka kwa ngoma moja. Mpigaji alikuwa Luhende. Ngoma ikizubaa, majembe yanazubaa. Ikichangamka, shamba linaisha kabla jua halijawa kali. Kwa vidonge vile mume wangu alikuwa mzito, pumzi inamkatika, mikono inabaki nyuma ya wimbo. Malale akamtania kwamba Mbeya wamemwekea moyo wa kobe. Watu wakacheka, na yeye akacheka nao. Mimi sikucheka, maana nakijua kicheko chake akiumia.

Baada ya hapo mshipa chini ya vidole vyangu ukaanza kukimbia. Mama mkwe alifurahi: mwanawe anatoka jasho, anakula, sauti imerudi. Kwake mgonjwa ni mtu aliyelala. Mimi nilimfuata Luhende nyuma ya zizi, tukiwa wawili tu.

"Umeacha dawa, baba Lucia?"

"Nimesimamisha kidogo. Tukimaliza kulima nitameza, na Mbeya tutaenda."

"Mbeya ni kabla ya Krismasi. Nyie mnamaliza Januari."

"Mama Lucia, watu hawa wamenivunia mpunga nikiwa kitandani. Sasa nikae nyumbani niwasikilize?"

Hasira ilinipanda, na huruma ikapanda pamoja nayo, nikashindwa kujua ipi niiteme. Nikaenda kwa Malale. Sikumbembeleza, nilimwambia kama anataka kunifanya mjane, aendelee. Malale si mtu mbaya, ana mdomo tu. Aliinamisha kichwa akaahidi kumweka mpigaji mwingine. Luhende naye akaniitikia kwamba atarudia dawa, tukapanga safari ya Mbeya kwa Jumatatu. Lakini mshipa uliendelea kukimbia. Nilipomwuliza, alisema ni woga wangu tu.

Ijumaa walilima shamba la jirani, hatua chache kutoka kwetu. Mpigaji mpya alikuwa Aloyce, mtu mwenye bidii nyingi na mkono mbovu. Wimbo ulikuwa ukikatika, majembe yakigongana, watu wakizomeana. Luhende alikaa mlangoni akitikisa kichwa kama mwenye jino linalouma. Nikamwacha hapo, nikaenda kuchota maji.

Niliporudi, kiti kilikuwa kitupu, na ngoma kule shambani ilikuwa imempata mwenyewe. Nitasema kweli: ilikuwa nzuri. Majembe yalishuka pamoja, wanaume wakaitikia kwa sauti moja, na mimi mwenyewe, na hasira zangu zote, nilisimama na ndoo kichwani nikisikiliza. Ngoma ikanyamaza katikati ya wimbo. Majembe yalishuka tena bila ngoma, kisha nikasikia Malale akiliita jina langu.

Nilimkuta amepiga magoti kwenye tope, damu imemjaa kifuani na inaendelea kutoka. Tulimpakia kwenye bodaboda, mimi nyuma nimemkumbatia, mgongo wake ukipoa kifuani kwangu. Mpanda walihangaika naye kwa kila walichokuwa nacho. Alifariki jua likiwa bado juu.

Daktari alituuliza kwa upole kama marehemu alikuwa anatumia dawa zake. Kabla sijafungua mdomo, mama mkwe akajibu.

"Hakuwa na haja ya dawa, daktari. Mwanangu alishapona. Hata leo amepiga ngoma."

Alilisema kwa fahari. Daktari akanigeukia mimi. Nilikuwa na maneno ya kutosha kumbomoa yule mama, na kila neno lilikuwa la kweli. Nikamtazama, bado ameshika mguu wa mwanawe juu ya shuka, anausugua ili upate joto.

"Ndiyo, mayu," nikamwambia mama mkwe. "Amepiga vizuri."