Ndama Aliyezaliwa Baada ya Ukuta

Twiga walipoanza kupita ofisini asubuhi hiyo, mhasibu aliinua kikombe chake cha chai, akakunja miguu chini ya kiti na kungoja. Miguu mirefu ilitoka kwenye ukuta wa mashariki, ikakanyaga vigae kwa ustaarabu, ikakwepa meza ya mapokezi na kuingia kwenye ukuta wa magharibi. Matumbo yalipita juu ya makabati. Shingo hazikuonekana, kwani zilikuwa nje, juu ya paa, na bati halijawahi kuvuja. Mhasibu akashusha kikombe, akanywa.

"Leo wamechelewa," alisema.

Kila mtu alikuwa na kazi yake.

Mwenye kazi kuliko wote alikuwa mwanamke wa meza ya dirishani, ambaye ofisi nzima ilimwita Mama Nukta. Yeye ndiye aliyekuwa akifuatilia nyendo za twiga. Aliwafunga vifaa masikioni mwenyewe, huko nyikani, jua la utosi, vumbi hadi kwenye meno. Kila kifaa kilituma habari angani, na kila habari ikawa nukta kwenye ramani ya kompyuta yake. Ukizifuata nukta utajua twiga wanakula wapi, wanakunywa wapi na wanapita wapi. Ukijua wanapopita, utajua pa kutojenga. Kazi yenyewe ndiyo hiyo. Mengine yote ni mbwembwe.

Sasa ofisi hii ya kuhifadhi twiga ilikuwa imejengwa katikati ya njia ya twiga. Nani alichagua kiwanja, usiulize. Upande mmoja kuna uzio wa jirani, upande wa pili barabara ya malori. Twiga waliozaliwa kabla ya ofisi waliikumbuka njia ilivyokuwa, vichaka na mchanga, basi walipita palepale walipopita mama zao, na kuta ziliwapisha. Watu walishazoea. Mfagiaji tu ndiye aliyenung'unika, kwa sababu ya kinyesi.

Shida ilikuwa Ijumaa. Kila Ijumaa Mama Nukta alitakiwa kusafisha takwimu, maana vifaa navyo hukosea. Nukta ikiangukia katikati ya ziwa ni kosa, inafutwa. Ikiangukia ndani ya jengo ni kosa, inafutwa. Usipofuta, programu haikufungulii wiki inayofuata. Kwa hiyo kila Ijumaa njia ya twiga ilifutika pale pale ilipopita, na mfutaji ni yeye aliyewafunga vifaa. Hasira zilimjaa mwanamke huyo mpaka akawa hasikii ladha ya chakula.

Kisha akazaliwa ndama. Mama yake alikuwa twiga wa kwanza kabisa ambaye Mama Nukta alimfunga kifaa, jike mwenye baka jeupe juu ya goti. Asubuhi moja jike huyo alipita ukutani kama kawaida, na nyuma yake ukasikika mgongano mdogo. Mama Nukta alichungulia dirishani. Ndama alikuwa amesimama nje, anatikisa kichwa. Yeye hakuwa na la kukumbuka. Amezaliwa ameukuta ukuta, na kwake ukuta ulikuwa ukuta.

Mama Nukta alimfungulia mlango wa nyuma. Ndama hakuutazama. Aliweka kwato pale mama yake alipoweka kwato, si hatua moja pembeni, na mama hakuwa na habari na mlango. Asiyeuona ukuta hautafuti mlango.

Ng'ambo ya ofisi kulikuwa na mto na migunga inayobaki kijani wakati wa kiangazi. Upande wa ndama kulikuwa na vijiti. Kiangazi kilikuwa kinaanza.

Alimwendea mkurugenzi. Twiga wa mwisho wa siku ile alikuwa ndiyo anapita chumbani kwake, na mkurugenzi alikuwa ameshika karatasi zake zisipeperuke.

"Mkuu, tuvunje kuta mbili za ukumbi," alisema Mama Nukta. "Mbili tu, na paa lake. Yule ndama atakufa."

"Dada yangu, nionyeshe njia kwenye ramani. Ramani ikisema wanapita hapa, navunja kesho asubuhi."

"Mkuu, kuna mguu juu ya zulia lako."

"Nauona." Aliusogezea kiti upite. "Lakini wafadhili hawaangalii zulia. Wanaangalia ramani."

"Basi niruhusu nisifute."

"Tukianza kuacha makosa kwenye takwimu, nani atatuamini? Twiga hapiti ukutani, dada. Hilo hata mtoto wa chekechea analijua."

Mwenye macho haambiwi tazama, lakini huyu alikuwa na macho na ametazama. Mama Nukta alitoka bila kuaga.

Ijumaa iliyofuata hakufuta. Programu ikajifunga, na nyika nzima ikawa nyeusi kwenye kioo. Hakujua tena twiga wengine wako wapi, wala nani amekaribia mitego ya wawindaji. Alivumilia mpaka askari wa doria wakamletea kifaa kilichokatwa sikioni, bado kina damu. Akakaa, akafuta. Alilia huku anafuta, na mhasibu, aliyekula chumvi nyingi kuliko wote pale, akamsogezea chai.

"Kunywa, mwanangu. Unampigia mbuzi gitaa."

Tangu hapo jike hakuenda mtoni tena. Aliingia ukutani hadi nusu, akasimama. Miguu ya mbele ilikuwa ukumbini, kati ya meza ya mhasibu na ya Mama Nukta. Miguu ya nyuma ilibaki nje ili ndama anyonye. Mhasibu alihamisha meza. Wageni walioneshwa mahali pa kuinama. Wiki zilipita, mbavu za jike zikaanza kuhesabika, na maziwa yakawa hayamtoshi hata ndama mmoja.

Mkurugenzi aliandika kwenye ripoti kwamba hakuna mnyama anayepita eneo la ofisi. Ripoti ilisifiwa kwa usafi wake.

Ijumaa ilipofika, Mama Nukta alifungua ramani. Nukta ya jike ilikuwa moja tu, wiki nzima, ndani ya jengo. Kompyuta ikamuuliza kama afute. Alishika goti la jike, lile lenye baka jeupe, kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia akabonyeza ndiyo.

Nje, ndama alikuwa anagusa ukuta kwa paji la uso, taratibu, anapumzika, anagusa tena. Ilikuwa kama mtu anayebisha hodi kwao. Ndani walimsikia wote, wakaendelea na kazi.