Juzuu ya Hamad

Alasiri ya khitma ya mkewe, Mwanapili, Msellem alikuwa barazani kwake Chokocho, akipaka uji wa wanga kwenye jalada la mwisho. Juzuu za msikiti zilikuwa zimeliwa na mchwa, naye, fundi wa kujalidi, hakuibandua ngozi kongwe. Palipooza alitia kiraka cha ngozi ya mbuzi. Palipobonyea kwa dole gumba la msomaji alipaacha vivyo hivyo. Kijijini kila mtu alikuwa na juzuu yake, na aliijua kwa alama ya dole lake.

Alitandika mikeka, akazipanga. Hakuja mtu. Tangu uchaguzi wa mwaka ule wa sitini na moja, watu wa vyama viwili hawakuzikana, hata visima waligawana. Na mtaani kwao Msellem alikuwa peke yake wa chama chake. Hata Hamad, kaka wa marehemu, baba mmoja mama mmoja, alifunga mlango wake pale jirani.

Basi wakaja wasomaji wa zamani kutoka makaburini. Walitoa salamu, wakatawadha, kila mmoja akalitafuta dole lake.

"Kiraka umenitilia, dole umeniachia," alisema Mzee Nyange. "Ahsanta."

"Na huko, Mzee, mko chama gani?"

"Huko sote twalalia ubavu mmoja, tumeelekea kibla. Lete kahawa, wacha udaku."

Walisoma mpaka ikabaki juzuu moja.

"Hii ya nani?"

"Ya Hamad."

Nyange akaurudisha mkono. "Mwenyewe yu hai. Si yetu kuishika."

Msellem akaenda kubisha. "Shemeji, imebaki yako tu."

"Kasomeane na wa chama chako," ikajibu sauti ya ndani.

Aliporudi alimkuta Mwanapili ameketi ukingoni mwa mkeka, ananukia karafuu maiti.

"Kaka hakuja?"

"Ana homa," alisema Msellem.

"Maskini! Nipe, nimsomee."

Akaisoma khitma yake mwenyewe, taratibu, dole lake jembamba limezama katika alama pana ya nduguye. Ikaombwa dua, wakaondoka wote.

Karibu na magharibi Hamad alifungua dirisha. "Nimesikia sauti ya Mwanapili."

"Ndiye."

"Kasema nini?"

"Kakuombea upoe homa."

Dirisha likafungwa. Asubuhi walikutana njiani, kila mmoja na ndoo yake. Hamad akageuza uso, akashika njia ya kisima cha wenziwe.