Jina la Ottilie

Profesa Wiegand, bingwa wa wadudu wa misitu hapa Brandenburg, alimpa mdudu mpya jina la mchumba wangu, Ottilie. Akamletea mdudu huyo ndani ya kijisanduku cha kioo. Chini yake aliandika kwa Kilatini: “ottiliae Wiegand.”

“Ottilie Wiegand!” nilifoka. “Ameshakuoa?”

“Acha ushamba, Konrad. Aliyemtambulisha mdudu huandikwa mwishoni. Ndiyo desturi yao.”

“Desturi ya kuiba wachumba! Na mdudu mwenyewe anaua misonobari ninayoilinda.”

“Mwenzako kaniweka vitabuni. Wewe mwaka wa nne huu, hata kwa mchungaji hujanifikisha.”

“Jumapili hii atatangaza ndoa yetu!”

Ottilie aliangua kicheko. “Kumbe ulikuwa unangoja mdudu akuume!”